Waenda kwa Miguu Hawana Idara

Mamlaka ya Taa za Barabarani inayo furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna kitu chochote kilicho chini yake kitakachoruhusiwa kujieleza chenyewe.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Nilikuwa Mkuu wa Kitengo cha Sifa, na ilinibidi kuandika rasimu kadhaa kabla Mheshimiwa Mwenyekiti hajaridhika. Ya kwanza aliirudisha kwa sababu ilieleweka haraka mno. "Tangazo likieleweka na kila mtu," aliniambia, "watu watadhani hatukufanya kazi."

Kwa kuwa wapo waliolipotosha tangazo lile baadaye, na wengine kulicheka waziwazi, naona ni wajibu wangu kueleza mambo yalivyokwenda, ili ionekane kwamba kila hatua ilikuwa sahihi.

Taa za mji wetu zinaendeshwa na programu ya kompyuta. Ndani ya programu hiyo kila taa ina sehemu yake, na kila sehemu ina sifa zake: jina la njia panda, muda wa kijani cha magari, muda wa kijani cha waenda kwa miguu, na kadhalika. Zamani sifa hizo ziliandikwa humo humo, juu ya sehemu inayohusika, kama kibandiko kwenye kopo. Mwandishi wake alikuwa mtunga programu wetu, binti mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Mabano, kwa sababu kila alichokifungua alikifunga: mabano, madirisha, chupa za maji, hata mijadala.

Juu ya sehemu ya taa iliyo mbele ya zahanati, kwa mfano, Mabano alikuwa ameandika kwamba kijani cha waenda kwa miguu kidumu sekunde arobaini. Pembeni akaongeza: wagonjwa, magongo, kina mama wenye vichanga, msiguse.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma Mwenyekiti.

"Msiguse?" aliuliza kikaoni. "Asiguse nani?"

"Yeyote asiyejua pale pakoje, Mheshimiwa," Mabano akajibu.

"Na mimi nikitaka kugusa?"

"Unaniambia tu. Naangalia kwanza, nabadilisha, najaribu, halafu nawasha upya."

"Yaani Mwenyekiti akitaka sekunde zipungue, aje akuombe wewe."

"Si kuomba, Mheshimiwa. Kuniambia."

"Halafu wewe uangalie kwanza."

"Eh."

Watu walianza kutazama viatu vyao. Kwa miaka yote niliyotumikia pale, sikuwahi kusikia mtu akimwambia Mwenyekiti "eh."

Haukupita muda Mwenyekiti akaalikwa kwenye semina. Alilala hotuba zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilimbadilisha. Aliporudi alitueleza kwamba duniani kuna njia mbili za kutaja sifa za sehemu ya programu. Ya kwanza ni hiyo ya Mabano: unaibandika sifa juu ya sehemu yenyewe, ndani ya programu. Ya pili ni ya kiungwana: sifa zote zinang'olewa humo, zinakusanywa kwenye faili moja la mipangilio lililo pembeni, na mwenye madaraka anaweza kuzibadilisha bila kuijua programu.

"Bila kuijua," alirudia, macho yakimng'aa. "Jamani, bila kuijua kabisa! Hicho ndicho tulichokuwa tunakikosa hapa."

Tulipiga makofi. Mabano alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, faili si baya. Hata mimi ninalo moja, la mambo ya kubadilika-badilika, kama saa ambazo shule zinafungwa. Lakini kuna sifa ambazo ni za kitu chenyewe, zinatakiwa kukaa nacho. Jikoni kwako chumvi imeandikwa wapi?"

"Sijui. Siingii jikoni."

"Imeandikwa kwenye kopo, Mheshimiwa. Sasa tuseme tunavibandua vibandiko vyote, tunaandika kwenye karatasi moja iliyoko chumbani kwako kwamba kopo la tatu kutoka kushoto ni chumvi. Siku mtu akiyasogeza makopo?"

"Atachukuliwa hatua."

"Na chai?"

"Chai gani?"

"Itakayokuwa imeshatiwa chumvi."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Binti," akasema, "kopo halina mamlaka ya kujitaja. Kitu hakijitangazi, hutangazwa. Mimi mwenyewe sikujiteua."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, tukaipitisha bila kupiga kura.

Kanuni za Faili Kuu la Sifa zilikuwa chache. Faili likipingana na kitu, faili ndilo sahihi. Hakuna sifa itakayojazwa ila na idara inayoimiliki, kwa saini ya mkurugenzi wake. Na nafasi iliyoachwa wazi itahesabiwa kuwa jibu, jibu lenyewe likiwa ni hapana. Mabano aliuliza kwa nini isihesabiwe kuwa ndiyo. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba hajawahi kuiona ofisi ya umma ambayo kimya chake ni ndiyo.

Mimi ndiye niliyeshauri tusiishie kwenye taa. Ukianza jambo zuri, lifikishe mbali. Nilisimamia mwenyewe kubanduliwa kwa vibao vyote vya jengo letu: milango, makabati, swichi, mitungi ya gesi, vyoo. Kila kimoja kikaingizwa kwenye Faili Kuu, na mtumishi aliyetaka kwenda haja alitakiwa kulisoma kabla hajabanwa. Wengi walizoea. Mkuu wa Ununuzi alisaili waombaji kazi kwenye stoo ya mifagio asubuhi nzima, na hakuna aliyemwondoa, maana faili lilisema pale ni Ukumbi B. Chai ilikuja na chumvi, kama Mabano alivyotabiri, lakini tuliinywa. Faili lilisema ni sukari. Mwenyekiti aliomba aongezewe.

Siku ya kujaza sifa za taa, wakurugenzi wote walifika. Idara ya Misafara iliomba kijani, ikapewa. Idara ya Malori iliomba kijani, ikapewa. Idara ya Mabasi ilichelewa, ikaomba radhi na kijani. Nilikuwa nasoma nafasi moja moja kwa sauti, anayehusika anasimama, anajaza, anatia saini.

"Waenda kwa miguu!" nikasoma.

Hakuna aliyesimama.

"Waenda kwa miguu, jamani! Mwenyewe nani?"

Walitazamana. Wote walikuwa wamekuja kwa magari, na magari yenyewe yalikuwa yananguruma nje ili viyoyozi visizimike.

"Mimi natembea," Mabano akasema kutoka nyuma.

"Wewe si idara," Mwenyekiti akamkumbusha. "Endelea, Mzee."

Nikaendelea. Nafasi ile ikabaki wazi, tukaingia kwenye ajenda ya vinywaji.

Mfumo ulipowashwa, taa zote za waenda kwa miguu mjini ziligeuka nyekundu na kubaki hivyo. Naomba nisisitize kwamba hiyo haikuwa hitilafu. Nafasi ilikuwa wazi, jibu lilikuwa hapana, na taa ilitii. Vijana walianza kukimbia katikati ya magari, kwa hiyo tukatunga kanuni ndogo inayokataza kuvuka kwenye nyekundu, na Mwenyekiti akaitia saini siku hiyo hiyo. Ripoti yetu ya kwanza ilikuwa ya kutia moyo: ajali zinazotokea wakati kijani cha waenda kwa miguu kinawaka zilikwisha kabisa, kwa kuwa kijani chenyewe kilikwisha.

Lawama ya kwanza niliipata kutoka nyumbani.

Dada yangu amenizidi umri, na kwa maneno amenizidi mara nyingi zaidi. Ana duka la kushonea nguo, na ukitoka mlangoni mwake unatazamana na zahanati, barabara ikiwa katikati. Alianguka bafuni akavunjika nyonga. Iliungwa vizuri, lakini daktari wa viungo pale zahanati alimwambia bila kumficha: akikatisha mazoezi, nyonga itakaza, na cherehani yake ya kukanyaga ataiaga. Cherehani hiyo ndiyo iliyonilisha mimi tangu mama yetu alipofariki, mpaka nilipopata kazi ya kuvaa tai.

Alinipigia simu kazini.

"Wewe, taa yako imekufa."

"Haijafa, Dada. Inafanya kazi kama ilivyotangazwa."

"Nimesimama hapa na gongo langu kama nguzo ya umeme. Watoto wa shule wamenizoea, wananiamkia wakienda na wakirudi."

"Ni kipindi cha mpito."

"Nipite wapi sasa? Magari yenu hayo yanapita kama yamechomwa sindano!"

"Dada, andika barua kwa idara yako."

"Idara yangu ipi?"

"Ndiyo inayotafutwa."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Hebu nisikilize, mdogo wangu. Barabara hii hii nilikuvusha mgongoni, kamasi zako zote shingoni kwangu, na wakati huo haikuwa na taa hata moja. Leo ina taa, sivuki. Hayo ndiyo mliyosomea?"

Nilimjibu kwamba maoni yake yamepokelewa. Akakata simu.

Akakosa mazoezi mara moja, akakosa tena. Nilipokwenda kumwona nilimkuta ananyanyua mguu kwa mikono miwili ili kuuweka juu ya kikanyagio, halafu anausukuma kwa goti la upande wa pili. Gauni la harusi la mteja lilikuwa limelala mezani, nusu mkono. Alisema daktari ametuma ujumbe: asipofika tena mara hii, nafasi yake anapewa mgonjwa mwingine, na foleni ya kuirudia ni ndefu. Alisema hivyo akiwa ameuma pini, bila kuniangalia. Sikuzoea kumwona dada yangu akiongea bila kuniangalia.

Kesho yake nilipita mezani kwa Mabano, kwa sababu za kikazi.

"Binti, kile kibandiko chako cha taa ya zahanati. Ulikifuta?"

"Sikukifuta, Mzee. Kipo palepale juu ya sehemu yake, kinasema arobaini. Lakini faili ndilo linalosikilizwa."

"Na faili linasema nini?"

"Halisemi kitu. Na ninyi mlisema kimya ni hapana."

"Kwa hiyo jibu sahihi lipo, limeandikwa, limeajiriwa, ila halina kazi."

"Ndiyo hivyo."

Nikamtuliza kwamba katika utumishi hali hiyo ni ya kawaida, wapo wanaostaafu nayo. Kisha nikamuuliza, nikiwa naangalia dirishani, kama haiwezekani kujaza ile nafasi kimya kimya.

"Inawezekana, Mzee. Lete idara na saini."

"Huwezi wewe..."

"Mimi natembea tu," akasema. "Si idara."

Sasa nieleze uzinduzi, ambao ndio uliozungumzwa sana.

Mwenyekiti aliamua Faili Kuu lizinduliwe rasmi, na mahali alipopachagua ni mbele ya zahanati, kwa sababu ni barabara yake ya kwenda kazini na tangu mfumo uwashwe hakuwahi kusimama pale hata mara moja. Hema lilifungwa upande wa zahanati, pamoja na viti, vipaza sauti, waandishi wa habari na meza ya Mabano yenye kompyuta. Ratiba ilisema kwamba Mwenyekiti atashuka garini upande wa pili, mbele ya duka la dada yangu, avuke kwa miguu akiwaongoza wakurugenzi, kuonyesha kwamba yuko pamoja na wananchi wa kawaida. Gari lingezunguka kumsubiri kwenye hema, maana kuwa pamoja na wananchi kulipangwa kuishie hapo.

Kwenye tai alibandikwa kipaza sauti kidogo kilichounganishwa na spika za hema, ili lisipotee hata neno moja la hotuba. Alishuka, akapunga mkono, akabonyeza kitufe cha taa huku kamera zikimlenga kutoka ng'ambo.

Nyekundu.

Akabonyeza tena, kwa tabasamu la mtu anayeamini nyekundu ni ya wengine. Nyekundu. Akabonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa kiganja. Magari yalipita, mengine yakimpigia honi za heshima.

"Mzee," akaninong'oneza, "hii taa ina nini?" Na sauti ikavuma kwenye spika zote za hema: HII TAA INA NINI?

Akashusha mguu mmoja barabarani. Askari wa barabarani, msichana mpole, akamnyooshea kiganja.

"Mheshimiwa, ni nyekundu."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua sana, Mheshimiwa. Saini iliyo kwenye hii kanuni ni yako."

Akaurudisha mguu. Ndipo alipomwona dada yangu, ambaye alikuwa amesimama pale na gongo lake kabla sisi hatujafika, kwa kuwa siku ile ndiyo ya mwisho aliyopewa na daktari.

"Wewe ndiye Mwenyekiti?" Dada akamuuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu kwenye foleni. Mbele yako nipo mimi."

Spika zililipokea hilo vizuri. Huko ng'ambo watu waliokuwa wanasinzia chini ya hema waliamka.

"Mabano!" Mwenyekiti akaita. Hakuhitaji simu. "Weka kijani hapa!"

Sauti ya Mabano ikajibu kutoka kwenye kipaza sauti cha jukwaani. "Mheshimiwa, programu inasema kijani tangu zamani. Faili ndilo linalokataa."

"Basi andika kwenye faili!"

"Naomba idara inayomiliki."

"Andika ofisi yangu!"

"Ofisi yako si idara, Mheshimiwa. Ulikataa isiwe idara ili isikaguliwe."

Waandishi wa habari waliandika. Jua lilikuwa limeanza kumchoma Mwenyekiti utosini, mahali ambapo kwa kawaida pana paa la gari.

"Basi naunda idara!" akanguruma. "Idara ya Waenda kwa Miguu! Kuanzia sasa hivi!"

Watu wa pande zote mbili wakashangilia. Dada hakushangilia. "Isije ikawa ya kuundwa tu," akasema.

"Imeundwa," Mabano akatangaza. "Jina la mkurugenzi? Kanuni inataka afisa wa ngazi ya juu, ambaye kwa sasa anatumia miguu."

Mwenyekiti akageuka kuwatazama wakurugenzi wake. Wa Misafara alikumbuka kifundo chake cha mguu. Wa Malori alisema yeye hakushuka, ameteremshwa. Wa Mabasi alikuwa amesharudi garini na kupandisha kioo. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, ingawa viatu vyangu siku ile havikuwa na kamba.

"Haya, andika langu!" akasema. "Mimi nipo hapa kwa miguu yangu mwenyewe."

"Mheshimiwa, kwanza nisikilize. Faili halikubali jina moja mahali pawili. Nikikuandika huku, kule linafutika."

"Litafutikaje, na mimi nimesimama hapa wananiona?"

"Wanakuona, ndiyo. Lakini faili..."

"Binti, andika!"

"Ngoja basi niangalie kwanza kama..."

"USIANGALIE! ANDIKA!"

Ukelele huo ulisikika mpaka wodini. Mgonjwa mmoja alichungulia dirishani na chupa yake ya dripu.

Mabano akaandika. "Muda wa kijani?"

"Tia sita," Mwenyekiti akasema.

"Sita?" Dada akamgeukia. "Baba, sita zitaisha kabla sijashusha hili gongo. Hebu itazame barabara. Wewe mwenyewe na mwili huo, sita zinakufikisha wapi?"

Mwenyekiti akaitazama barabara. Naamini ilikuwa mara ya kwanza kuiona kwa upana wake, maana siku zote aliiona kwa urefu.

"Zamani zilikuwa ngapi?" akauliza, kwa sauti ya chini ambayo spika ziliipandisha.

"Arobaini," Mabano akajibu.

"Tia arobaini," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kutoka mfuko wa jirani, na akaisaini kwa kidole fomu ambayo Mabano aliituma kwenye simu ya askari.

Kijani kikawaka. Magari yakasimama yakifinya breki, kama wanyama waliosahau kwamba yapo mambo hayo. Dada akamshika Mwenyekiti mkono, si kwa mapenzi, ila kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, na akamwendesha kwa mwendo wake mwenyewe: gongo, mguu, mguu. Mwenyekiti alipojaribu kuharakisha, Dada alimrudisha. "Taratibu, baba. Zipo arobaini, na zote ni zetu." Walipofika ng'ambo alimwachia kama mtu anayeteremka kwenye basi, akaingia zahanati bila kugeuka. Daktari wa viungo alikuwa amemshikia mlango.

Mwenyekiti alijinyoosha koti, akapanda jukwaani kuelekea kiti kikubwa chenye kitambaa. Kilikuwa hakipo. Afisa Itifaki alikuwa ameshakirejesha stoo, kwa mujibu wa Faili Kuu.

"Kipengele kinachofuata," Afisa Itifaki akasoma kwenye kipaza sauti, "ni hotuba ya Mwenyekiti. Kwa kuwa Mamlaka haina Mwenyekiti, tunavuka kipengele hicho na kwenda kwenye vinywaji."

"Haina Mwenyekiti? Mimi ni nani?"

"Mkurugenzi wa Waenda kwa Miguu, karibu sana. Viti vya wakurugenzi ni kule nyuma. Idara mpya inakaa mwisho."

Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimevuka nyuma yao; nilifungua Faili kwenye simu yangu, nikamwonyesha. Kwenye Mwenyekiti palikuwa wazi. Nilisikitika naye, lakini sikuweza kusema kwamba napaona pamejaa. Alikwenda kwa dereva wake, ambaye tayari alikuwa anawasha gari.

"Unakwenda wapi na gari langu?"

"Ni la Mwenyekiti, Mzee. Nimeambiwa nilirudishe, maana hayupo."

"Si ndiye mimi!"

"Mzee, mimi ni dereva tu," akasema, akapandisha kioo polepole kwa adabu, akaondoka na koti la pili la bosi wake likining'inia nyuma.

Tumeshughulikia rufaa yake kwa haraka inayowezekana. Tatizo ni dogo na liko wazi: kumrudisha mtu kwenye nafasi ya Mwenyekiti kunahitaji saini ya Mwenyekiti. Wakati tunasubiri, mambo ya Mamlaka yanaendelea kama kawaida. Baadhi ya watumishi wanasema yanaendelea vizuri zaidi, lakini kauli hiyo haina idara.

Dada hajakosa mazoezi tena. Gauni la bibi harusi lilipata mkono wa pili, na miguu yote miwili imerudi kwenye kikanyagio.

Kuhusu Mkurugenzi wa Waenda kwa Miguu, nisingependa kusema mengi. Nilitazamia akae kimya asubiri. Badala yake amekuwa mtu wa kujaza nafasi. Kila mahali palipokuwa wazi kwenye Faili Kuu, yeye ametia neno na saini, na neno lenyewe ni la waenda kwa miguu. Ameweka kijani chao mbele ya lango letu, kijani mbele ya klabu ya wakurugenzi, na kijani kirefu mno kwenye barabara ninayopita mimi kwenda kazini. Jana gari la ofisi lilisimama hapo mpaka dereva akatoa gazeti. Tulimwona akivuka na kundi la watu, amekunja mikono ya shati, amepungua mwili. Alitutazama kupitia kioo kwa utulivu wa mtu mwenye sekunde nyingi.

Nilichelewa kikao. Nikaandika malalamiko rasmi, kwa lugha kali ila ya heshima, nikamtuma dereva ayapeleke. Yamerudishwa na maelezo mafupi: Idara ya Waenda kwa Miguu hupokea malalamiko kutoka kwa mlalamikaji mwenyewe, dirishani, na hakuna maegesho. Nimeulizia dirisha lilipo.

Liko upande wa pili wa barabara.